Mwenye Keki Aone Kwanza

Baba mdogo Chacha alinipigia simu saa tatu asubuhi, nikiwa nafungua duka langu la keki pale Mugumu, mkono mmoja una kufuli na mwingine umebeba trei ya mayai. Hakuanza na utani wake wa siku zote. Aliuliza tu, "Bhoke, uko wapi?" Nikamwambia niko dukani, shikamoo baba. "Marahaba. Umekaa?" Nikasema nimesimama. Nikasikia majogoo wa Kerende wakiwika nyuma yake. "Mama Marwa hajisikii vizuri. Funga duka uje." Nikauliza anaumwa nini, amelazwa wapi. "Wewe njoo tu, mwanangu." Nikajua. Kwetu mgonjwa ana ugonjwa wenye jina. Watu watakwambia ni presha, ni malaria, ni mgongo ule ule wa mwaka juzi. Mtu akikuita uje bila kutaja ugonjwa, ujue hakuna mgonjwa tena. Lakini hukuambiwa, na kwa kuwa hukuambiwa una haki ya kutojua mpaka ufike, na hiyo ni zawadi ambayo nilichelewa sana kuithamini. Nilipanda gari nikaketi dirishani, simu mkononi, data nimezima. Niliogopa mtu mwingine asije akaniambia kabla ya wenyewe.

Nilipofika Kerende, Mama Gati, mke wa baba mdogo, alinipokea mkoba mlangoni, akanikalisha kwenye kigoda, akanipa maji kwenye kikombe cha bati. Alingoja ninywe. Kisha akasimama nyuma yangu akanishika mabega yote mawili, ndipo baba mdogo akaja mbele yangu, akachuchumaa, mzee wa watu mwenye magoti mabovu, akasema, "Bhoke, mama yako ametuacha jana jioni." Nililia mpaka nikakosa pumzi, na ile mikono ya Mama Gati haikuondoka. Katikati ya kulia nikawaza jambo moja tu: hivi ndivyo alivyopaswa kuambiwa yeye. Kigoda, maji, mikono begani. Vitu vitatu, na mimi ndiye niliyemnyima vyote.

Mwaka niliomnyima hivyo nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliishia kidato cha pili, na ya kwetu nyumbani nayaacha yalale, maana huu si wakati wake. Mama Marwa, shemeji wa baba mdogo Chacha, hakunizaa; alinichukua nimsaidie kuoka keki Kerende, kwenye chumba chake kimoja cha mabati kilichotazama barabara ya malori. Mbele kulikuwa na kabati la vioo la kuwekea vipande vya keki, nyuma kitanda, na katikati pazia la maua mekundu lililokuwa na vumbi jeupe upande wa barabarani na moshi mweusi upande wa jikoni. Jiko lenyewe lilikuwa uani: sufuria kubwa yenye mchanga, ndani yake sufuria ndogo ya keki, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Hakuwa na saa ya jikoni. Alikuwa anainama, anasikiliza. "Bado inaongea," alikuwa akiniambia. "Keki ikinyamaza ndiyo imeiva." Mimi nilisikiliza nikasikia mkaa tu. Baada ya miezi mitatu nikaanza kusikia ule mchemko mdogo wa ndani, kama mtu anayenong'ona kanisani, na siku niliyoisikia ikinyamaza nilipiga kelele za furaha mpaka kuku wakatawanyika.

Marwa, mwanaye wa pekee, alikuwa mchimbaji kwenye maduara, yale mashimo madogo ya watu binafsi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mchana alikuja na vumbi mpaka kwenye kope, ananawa nusu, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anangoja makombo ya kingo za keki tulizokata kuzinyoosha. Ugali alikula kwanza, ugali wa mtama na muhogo na dagaa, mama yake asingekubali vinginevyo. "Tumbo la Mkurya huwezi kulijaza na keki, mura," Mama Marwa alimwambia, akimsogezea bakuli. "Hilo ni tumbo, si kisahani cha harusi." Marwa ndiye aliyeleta simu kubwa. Aliitoa kwenye mfuko wa plastiki aliokuwa ameufunga mafundo matatu dhidi ya vumbi, akanikabidhi mimi, si mama yake. "Nimewaletea jiko lingine," akasema. "Hili halitumii mkaa."

"Hilo linakula bando," mama yake akajibu. "Afadhali mkaa, nauona ukiisha."

"Mama, watu wa siku hizi keki wanaila kwa macho kwanza. Bhoke atapiga picha, ataweka. Utashangaa."

"Na mtu wa Ikoma atainusa kwenye kioo?"

"Ataipigia simu, mama. Keki itapigiwa simu kama mheshimiwa!"

Tukabishana jina la ukurasa. Mimi nilitaka jina la Kizungu lenye kung'aa, kwa sababu nilikuwa nimeshajiona kwenye duka la vioo, nimevaa aproni nyeupe, napokea wageni. Mama Marwa aliuliza swali moja, bila kuacha kupiga siagi na sukari kwa mwiko. "Hapa Kerende watu wananiita nani?" Tukasema, Mama Marwa. "Basi." Ukurasa ukaitwa Keki za Mama Marwa, na namba yetu ya wasapu ikawa na jina hilo hilo. Marwa alicheka akashika mbavu. "Jamani, nimekuwa kampuni!" Tangu siku ile alijiita Kampuni. Akiingia uani: "Kampuni ina njaa." Akichelewa: "Kampuni ilikuwa na kikao chini ya ardhi." Mpaka wateja wakalizoea, wakawa wanatuma sauti, "Bhoke, msalimie Kampuni."

Nilidhani kazi ya simu ni picha. Ni Mama Marwa aliyenifundisha kazi yenyewe, yeye asiyejua hata kuifungua. Nilimwandikia mwalimu mmoja wa Genkuru, mteja wetu, "Habari, unahitaji keki?" Mama Marwa akaniambia nimsomee nilichoandika, akanitazama kama mtu aliyetupa maji kwenye unga. "Ndivyo unavyomsalimia mtu? Mtoto wake wa pili ana pumu. Muulize mtoto kwanza. Akikujibu, muulize na mvua kama imewafikia. Keki ataitaja mwenyewe." Nikanunua daftari la kurasa mia. Kila jioni kabla jua halijazama, yeye anachambua mchele, mimi naandika anayoyasema: huyu hapendi ndizi kwenye keki, huyu mama yake ni mgonjwa yuko ng'ambo Kenya, huyu mume wake alipata kazi ya askari wa hifadhi, mpongeze, huyu usimtajie watoto, alipoteza. Daftari lile lilikuwa na watu, si oda. Kisha nikapata wazo langu mwenyewe, ambalo bado najivunia: nikamwekea simu mdomoni nikamwambia aseme. Alisitasita, akafuta mikono kwenye kanga, akainama kama anavyoisikiliza keki, akasema, "Mwalimu, hujambo mwanangu. Keki yako imenyamaza. Njoo uichukue, na huyo wa pumu mfunge kitambaa kifuani, upepo leo ni mbaya." Mwalimu alimtumia dada yake, dada akatuma kwa wenzake. Watu wakawa wanaagiza keki ili watumiwe ile sauti. Siku moja mpishi wa loji moja karibu na lango la Ikoma, Deo, kijana aliyekulia Kerende, alitumiwa sauti hiyo na ndugu yake. Akanipigia. "Dada, huyo mama aliyesema 'imenyamaza', anaoka na mikate? Nimekaa huku na wageni wa Ulaya mwaka wa tatu, hakuna aliyeniambia nijifunge kitambaa kifuani." Tangu hapo, mara mbili kwa mwezi, Mama Marwa alibeba boksi lake akapanda mchomoko, zile gari ndogo za abiria wanaobanana, akavuka Mto Mara mpaka Mugumu, halafu Ikoma. Alikataa katakata kutuma kwa bodaboda. Alisema mteja lazima uone uso wake akifungua boksi.

Na kila siku niliweka stetasi. Nikaweka siku za kuzaliwa za wateja na picha zao, nikaweka pongezi za kipaimara, pole za wagonjwa. Moyo wangu ulikuwa mwepesi hivyo. Jambo likimfika mteja, vidole vyangu vilishafika kwenye simu. Ndipo mume wa yule mwalimu wa Genkuru alipoagiza keki ya siri, mke wake anatimiza arobaini, waalikwa wameambiwa wasimwambie. Nilipoimaliza, na waridi lake la aisingi ya pinki, nikaiona nzuri mno, nikaipiga picha nikaiweka: "Hongera mwalimu wetu kipenzi!" Haikupita nusu saa, sauti ikaingia. Mwalimu alikuwa anacheka ofisini kwa walimu, na wenzake nyuma wanacheka. "Nyinyi watu wa keki! Mmenionesha keki yangu hata kabla mume wangu hajapata nafasi ya kunidanganya!" Mume alikuja akiwa amenuna, akaishia kucheka naye. Marwa alianguka chini uani kwa kicheko. "Mkurugenzi wa habari! Siri ya serikali usimpe huyu!" Mama Marwa alicheka pia, lakini alipomaliza kucheka akaniambia taratibu, huku ananisafisha aisingi kwenye kidevu, "Siku nyingine, Bhoke, ngoja mwenye keki aone kwanza." Nikasema ndiyo mama. Nilidhani anazungumzia keki.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Loji ilikuwa na mgeni mzee anayetimiza miaka sabini, sherehe jioni. Mama Marwa aliondoka karibu saa sita, keki ya kilo mbili kwenye boksi mapajani, kitochi chake, kile kisimu cha vitufe, kwenye pochi. Simu kubwa alibaki nayo msimamizi wa stetasi, yaani mimi. Marwa alikuwa amekula asubuhi, akachukua kipande cha ukingo akakila akitembea, akageuka getini: "Kampuni inakwenda kazini. Mkurugenzi, linda jiko." Saa saba duara liliporomoka. Nilisikia watu wakikimbia barabarani, nikakimbia nao na unga mikononi. Walipomtoa alikuwa na vumbi kwenye kope kama siku zote, ndiyo maana kwa muda nilidhani atanawa. Baba mdogo Chacha alikuwa pale. Alivua koti akamfunika, akawageukia watu, akasema kwa sauti ya kuishiwa, "Mama yake hajui. Yuko njiani." Kisha akaanza kutafuta gari, amtume mkewe Mama Gati na mwanamke mwingine wakamchukue, wamwambie Marwa ameumia mguu, wamlete mpaka nyumbani, akae chini, ashikwe, ndipo aambiwe. Nilisikia kila neno. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake.

Nilirudi kulinda jiko, kwa sababu ndiyo kazi aliyoniachia. Simu juu ya meza ilikuwa inatetemeka mpaka inasogea. "Bhoke, ni kweli?" "Wanasema Kampuni?" "Dada, tuambie si kweli." Nikamjibu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila nikiandika neno "ndiyo" alikuwa anakufa upya, na bado walikuwa wengi. Nikaona niandike mara moja, wote wasome, waniache. Nikatafuta picha. Kulikuwa na moja ana aisingi puani, anacheka mpaka ufizi. Nikaandika: "Wateja wetu wapendwa, mtoto wetu Marwa, Kampuni yetu, ametangulia mbele za haki leo. Tuombeeni." Nikabonyeza. Nilijiambia mama ana kitochi, kitochi hakioni stetasi. Hilo ndilo lililonidanganya, na ndilo ninaloliona mpaka leo nikifumba macho: niliwaza simu yake, sikuwaza watu wake. Mwaka mzima nilikuwa nimewasogeza wateja karibu naye, wamjue, wampende, wamwite mama, na sasa alikuwa anakwenda na miguu yake kwa mmoja wao.

Haya ya Ikoma alinisimulia Deo mwenyewe, baadaye, akilia kwenye simu. Kwenye saa tisa alikuwa jikoni, vikaango viko motoni. Alikuwa ameona stetasi, akadhani mama ameahirisha, hatakuja. Alipomwona mlangoni na boksi alishtuka, akadhani ni ujasiri wa ajabu. Akamwendea, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama, pole sana. Pole. Hata ungetuacha tu leo, tungeelewa." Mama Marwa akatabasamu, "Pole ya nini mwanangu? Barabara?" Deo akaona. Alisema aliona usoni kwake kwamba hajui, lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na uso wake mwenyewe ulikuwa umeshamaliza kusema. Mama Marwa akaweka boksi mezani, akalifungua, akaona waridi moja limelala kwa mtikisiko wa safari, akalinyanyua kwa ncha ya kisu mpaka likasimama sawasawa. Akafunga boksi. Ndipo akauliza, "Ni Marwa?" Deo alizima majiko yote, akamvutia kiti. Hakujua la kufanya zaidi. Hapakuwa na mwanamke wa kwao, hapakuwa na mtu wa kumshika isipokuwa kijana mwenye aproni. Mama Marwa hakungoja. Alinyanyuka, akatoka, akapanda gari la kwanza lililopita, halafu jingine, akapishana njiani na gari alilotumiwa na baba mdogo. Mama Gati alifika Ikoma akakuta kiti kitupu. Mama Marwa alirudi Kerende amebanwa katikati ya watu wasiomjua, mpaka jua linazama akaingia uani peke yake, anatembea sawasawa, na wanawake waliokuwa wamejipanga kumpokea walikosa hata pa kuanzia.

Mimi simu nilikuwa nimeizima, nimeifukia ndani ya debe la unga. Asubuhi, kabla ya mazishi, baba mdogo aliniita pembeni. Hakunigombeza, ningefurahi angenigombeza. "Hicho kitu ulichoweka, kifute, mwanangu." Nikaenda kuichimbua, nikaipangusa, nikaiwasha. Nilipogeuka Mama Marwa alikuwa kwenye mkeka, kati ya wanawake, ananitazama. "Usifute," akasema. Sauti ilikuwa kavu. "Wameona wangapi?"

"Mama, tuache hayo," Mama Gati akasema.

"Namuuliza Bhoke."

Nikamwambia mia mbili na kumi na wanne.

"Nisomee."

Nikapiga magoti kwenye ukingo wa mkeka nikamsomea. Jina na saa. Mwalimu wa Genkuru, saa saba na dakika arobaini. Muuza mayai, saa saba na arobaini na mbili. Mama wa kwaya. Askari wa hifadhi. Kila jina yeye mwenyewe ndiye aliyenipa, na la mtoto mwenye pumu, na la mama mgonjwa wa ng'ambo. Aliyasikiliza yote, ameinamisha kichwa vile vile alivyokuwa akiisikiliza keki. Nilipofika katikati akainua mkono. "Wewe uliandika saa ngapi?" Nikasema saa saba na nusu. Akafikiri. "Saa saba na nusu nilikuwa darajani, Mto Mara. Dereva alikuwa anasimulia mbuzi wake aliyekula kofia ya mchungaji." Akakaza kanga kiunoni. "Nilikuwa nacheka, Bhoke. Watu wote hao wanajua, na mimi nacheka." Wanawake walianza kulia, mmoja akaniondoa.

Baada ya matanga alirudi kuoka. Watu walimshauri abadilishe jina la biashara, kwamba kuliona kila siku litamtonesha. Alikataa. "Nimeacha kuwa mama yake?" aliuliza. Kazi ilirudi, oda zikaja, Deo aliendelea kuagiza. Tuliishi chumba kimoja, tulikula bakuli moja, ndoo ya Marwa ilibaki imepinduliwa pale pale hakuna anayeikalia. Kwangu kilibadilika kitu kimoja tu. Nilipochukua simu nikamsogezea mdomoni, nimwambie mwalimu keki imenyamaza, aligeuza uso akatazama mkaa. Siku ya kwanza nilidhani hajaniona. Siku ya pili nilielewa. Hakunikataza kuandika, hakuninyang'anya simu, hakuwahi kunitupia neno. Alininyima sauti yake tu. Wateja waliuliza, "Mbona hatumsikii mama?" nikawajibu kwamba ana mafua. Yalikuwa mafua marefu. Mvua za masika zilipoanza nikamuaga, nikahamia Mugumu kujaribu bahati yangu. Alinifungia ile sufuria ndogo ya keki kwenye kanga, akanisindikiza barabarani, akasema, "Ukiwasha mkaa wa juu, usiuzidishe." Simu na daftari nikamwachia. Miaka iliyofuata nilikuwa namtembelea, tunakunywa chai, tunaongea bei ya unga na mvua. Kila mara nilikwenda na msamaha umejaa mdomoni, na kila mara nilirudi nao. Duka langu sasa lina dirisha la kioo, dogo, lenye ufa kona moja. Watu hunisifu kwamba najua wateja wangu. Stetasi naweka picha za keki tu, tena zilizokwisha kuliwa.

Nilipotulia kulia, baba mdogo aliingia chumbani akatoka na mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo matatu. Niliyatambua mafundo kabla sijaufungua. Ndani kulikuwa na simu ile, kioo kimepasuka, na daftari la kurasa mia lililovimba kwa mafuta na unga. "Alisema wiki iliyopita, akiwa bado anaongea vizuri," baba mdogo alisema, akikwepa macho yangu. "Alisema siku yake ikifika, ndugu tutawaambia sisi. Wateja waambiwe na Bhoke."

Nikauliza kama alisema lingine.

"Alisema usiandike. Upige. Mmoja mmoja."

Nilifungua daftari. Kurasa za mwanzo ni mwandiko wangu, wa haraka, wenye nyota nyota za msichana mwenye ndoto. Kuanzia katikati ulikuwa mwandiko wake, herufi kubwa za penseli zinazopanda mlima, mtu aliyejifunza upya ukubwani. Alikuwa amewaongeza watu, na kwenye majina ya zamani ameongeza maneno. Kwa mwalimu: MTOTO AMEPONA PUMU. Kwa mama wa kwaya: MJANE SASA. Nikatafuta jina la Deo. Lilikuwa na mstari mmoja. ALIZIMA JIKO AKANIPA KITI. Nikageuza ukurasa wa mwisho, sijui kwa nini, labda nilikuwa najitafuta. Nilikuwepo. BHOKE, MUGUMU. PEKE YAKE. AAMBIWE AKIWA AMEKAA.

Mama Gati alinisogezea kigoda kivulini, akakaa karibu. Nikaanza na Deo. Iliita mara tatu, akapokea kwa furaha, nyuma yake vyombo vinagongana na mtu anaimba. "Namba ya Mama Marwa! Mama, shikamoo! Keki yangu ya Jumamosi imenyamaza?"

"Kaka Deo, ni mimi Bhoke."

"Bhoke! Kumbe umerudi nyumbani! Nambie."

"Uko jikoni?"

"Niko jikoni, nageuza chapati. Nambie tu, nakusikia."

"Zima jiko kwanza, kaka," nikamwambia. "Halafu ukae."

Yule aliyekuwa akiimba alinyamazishwa. Nikasikia moto ukizimwa, mmoja, wa pili, wa tatu. Kisha, polepole, kwenye sakafu ya Ikoma, nikasikia kiti kikivutwa.